Neno Koltani Limetoka Wapi?

 

Tuanze na maneno ya simu tunayoyasikia kila siku. "Mega zimeisha." "Nitumie unite." "Huku rezo hakuna." Mama anayeuza chikwange sokoni huyasema yote kwa pumzi moja, wala hakuna anayemwuliza anasema lugha gani. Maneno hayo tumeyapata kwa Kifaransa, yakaja pamoja na simu zenyewe, na Kiswahili kikayapa sarufi yake: mega zimeisha, unite imeingia, rezo imekatika. Ndivyo lugha zote zinavyopokea chombo kipya.

Lakini lipo neno lililopita njia hiyo hiyo likielekea upande mwingine. Limetoka huku kwetu, mashariki mwa Kongo, likaingia katika lugha za watu ambao hawajawahi kusikia jina la mji wetu wa Kalima. Neno hilo ni koltani.

Tulikate vipande viwili: "kol" na "tan".

"Tan" ni tantali. Mwaka 1802 mwanakemia wa Uswidi, Anders Ekeberg, aligundua metali mpya. Aliitia oksidi yake ndani ya asidi, lakini haikuifyonza hata kidogo. Akakumbuka hadithi ya Wagiriki wa kale juu ya mfalme Tantalo, aliyeadhibiwa kusimama ndani ya maji huku kiu inamchoma, maana kila alipoinama kunywa, maji yalimkimbia. Ndiyo sababu akaiita metali ile tantali.

"Kol" ina historia ndefu zaidi. Mwaka 1801, mjini London, Charles Hatchett alichunguza jiwe lililoletwa kutoka Marekani, akakuta ndani yake metali ngeni. Akaiita kolumbi, kutokana na Columbia, jina la sifa la nchi ile, ambalo nalo limetoka kwa baharia Christopher Columbus. Mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose akaonyesha kwamba mawe yenye tantali yana metali ya pili, akaipa jina la niobi, kwa kumkumbuka Niobe, binti wa Tantalo. Baadaye ikajulikana kwamba kolumbi na niobi ni kitu kimoja chenye majina mawili. Wataalamu walivutana zaidi ya miaka 100, na kufikia 1950 wakakubaliana rasmi kuiita niobi.

Hata hivyo, jiwe lenye metali hizo mbili liliendelea kuitwa kolombo-tantalite. Jina refu, na katika biashara hakuna mwenye muda wa majina marefu. Katika biashara ya madini ya upande huu wa Afrika likakatwa, likabaki koltan. Sisi tukalitia irabu ya mwisho, likawa koltani. Kwa hiyo jina la kolumbi, ambalo wanakemia walilifuta, bado linaishi kinywani mwa kijana anayeosha mchanga mtoni.

Wazee wetu waliofanya kazi katika kampuni ya madini ya Symétain, kisha SOMINKI iliyoanza mwaka 1976, walijulikana zaidi kwa kasiterite, yaani jiwe la bati. Bati ndilo lililojenga Kalima. Koltani ilipata sauti kubwa mwaka 2000, simu za mkononi na kompyuta zilipokuwa zikiongezeka kwa kasi duniani. Tantali hutengenezewa kondansatere, vidude vidogo kama punje ya mchele vinavyohifadhi umeme ndani ya mashini. Bati nalo limo humo humo, katika lehemu inayoshikilia vidude hivyo kwenye ubao wa simu. Mwaka ule bei ya tantali ilipaa, na mwaka uliofuata ikaporomoka. Waandishi wa habari walikuja mashariki mwa Kongo wakati wa vita, wakalisikia neno hili machimboni, wakaondoka nalo.

Likaenda mbali. Mwaka 2009 Rais Hugo Chávez wa Venezuela alitangaza kwamba nchi yake ina akiba ya madini haya, na magazeti ya Kihispania yakaandika neno letu kwa tahajia yao, na alama ya mkazo juu ya irabu. Mwezi wa saba 2010 Marekani ilipitisha sheria juu ya madini ya maeneo ya vita. Sheria hiyo inataja kolombo-tantalite, halafu ndani ya mabano inaandika: koltan. Huenda wanasheria waliona kwamba bila jina la machimboni, wasomaji wao wasingejua kinachosemwa.

Na neno lililotoka kwetu likaturudia na uzito wake. Mwezi wa tisa mwaka huo huo, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi mwezi wa tatu 2011. Wengi mnaonisikiliza mnakumbuka jinsi soko lilivyolala. Baadaye zikaja etiketi zenye namba zinazofungwa kwenye mifuko, ili mnunuzi wa mbali ajue mzigo umetoka shimo gani.

Sasa ndugu mchimbaji, hapa nisikilize vizuri. Neno likienea sana, watu husahau kuuliza ndani yake mna nini. Koltani si metali moja. Mna tantali, mna niobi, mna chuma, mna manganezi, na bei hufuata tantali. Kipimo chake mnakijua kwa jina la Kifaransa: teneri. Chukua mifuko miwili ya kilo 50. Wa kwanza una teneri ya 20 kwa 100: ndani yake mna kilo 10 za oksidi ya tantali. Wa pili una teneri ya 35: mna kilo 17 na nusu. Yote miwili inaitwa koltani, yote miwili ina uzito mmoja kwenye mizani, lakini haina thamani moja.

Kwa hiyo ukifika kwa negosian, yaani mnunuzi wa madini, usikubali bei kwa jina tu. Omba uone teneri iliyosomwa na mashini, uiandike kwenye daftari lako, na kando yake uandike namba ya etiketi. Walimu nao wawafundishe watoto kupiga hesabu hiyo darasani, maana wengi wao watakutana nayo maishani.

Kipindi kijacho tutalichukua jiwe jingine la Kalima, volframite, ambalo jina lake tumelipata kwa Wajerumani.