Dinari Mbili za Msamaria: Hotuba juu ya Historia ya Chuo cha Udaktari cha KCMC



Nimeombwa nieleze jinsi Kanisa lilivyoanza kufundisha waganga hapa Moshi. Hospitali ya Rufaa ya KCMC ilifunguliwa mwezi Machi 1971, baada ya Shirika la Msamaria Mwema, chombo cha makanisa, Kanisa letu likiwemo, kukusanya fedha za ujenzi na vifaa. Tangu zamani waganga wa misheni walikuja na kuondoka. Ilibidi wenyeji wafundishwe kazi hiyo. Hivyo hospitali ikawa pia mahali pa mafunzo. Mwaka 1981 kilianzishwa kituo cha TATCOT, kinachofundisha mafundi wa viungo bandia. Mwaka 1992 kikaanza kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, ambacho kimepokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika.

Hata hivyo, kwa miaka mingi kijana wa huku aliyetaka shahada ya udaktari alilazimika kwenda Dar es Salaam au ng'ambo. Mwaka 1997 KKKT, kupitia Chuo Kikuu cha Tumaini, ilifungua chuo cha udaktari palepale KCMC. Chuo hicho kimekua, na leo kinaitwa Chuo Kikuu cha KCMC.

Tusijisifu kana kwamba tulifanya peke yetu. Serikali imebeba mishahara ya watumishi wengi wa hospitali hiyo, na marafiki wa ng'ambo wametoa walimu na misaada.

Lakini, ndugu zangu, shangwe ya miaka mia isitufumbe macho. Zahanati ya usharika wetu haina afisa tabibu. Wakati huohuo binti mmoja wa hapa alipata nafasi katika chuo cha afya, akarudi nyumbani kwa kukosa ada. Siku hizi anauza ndizi sokoni, na mama zetu hupita mbele yake wakienda kutafuta matibabu mbali.

Yule Msamaria hakuishia kumfunga majeruhi vidonda. Alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa kitakachozidi atakaporudi. Waasisi wa KCMC walitoa dinari zao. Ahadi ya kurudi na kulipa ni juu yetu.

Kwa heshima zote, nawaomba Wazee wa Kanisa wafikiri upya juu ya fedha za mnara wa kumbukumbu. Ziwe mfuko wa ada, na atakayesomeshwa aahidi kuihudumia zahanati yetu kwa miaka tutakayokubaliana. Na wa kwanza awe yule binti.

Mungu aubariki usharika wetu.