GHALA LETU LINA MASHAHIDI WATANO
(Hotuba ya Kamati ya Ghala mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumesimama kutoa taarifa ya kazi mliyotutuma. Lakini ndani yake mna deni la kuomba radhi, nalo tutalilipa leo hii.

Mnakumbuka msimu uliopita magunia ya kona ya nyuma yalivyoota kuvu. Maneno yakawa mengi: eti mtunza ghala anaacha mlango wazi usiku. Sisi wa kamati tuliyasikia, tukanyamaza. Ndipo mkutano ukaamua tufunge vifaa viitwavyo data loga.

Data loga ni kipimo kinachojiandikia chenyewe. Kila nusu saa kinapima joto na unyevu wa hewa, kinaweka kumbukumbu ndani yake, halafu kinatuma kwa redio mpaka kisanduku kikuu pale ofisini. Kisanduku kina laini ya simu, ndicho kinachompelekea katibu hesabu zote. Mtandao ukikatika, kumbukumbu haipotei.

Tumefunga vitano: mlangoni, katikati ya magunia, ukuta wa nyuma, chini ya bati la kona ile, na kimoja nje kivulini. Mtauliza, vitano vya nini? Kimoja kitakwambia ghala lina unyevu, lakini hakikwambii unatoka wapi. Ukilinganisha vyote ndipo unaupata ukweli.

Kwanza tuliviweka meza moja usiku kucha tuone kama vinakubaliana. Vilikubaliana. Lakini siku ya kuvifunga tukakosea: cha mlangoni tulikitegea saa yetu ya Kiswahili. Ilikuwa saa nane mchana, tukaandika 8:00 badala ya 14:00. Basi wiki nzima kikatwambia joto la mlangoni linapamba moto watu wakiwa bado kwenye chai ya asubuhi! Tulicheka, ila tumejifunza: mashahidi wasiokuwa na saa moja hawasaidii kesi.

Baada ya kusahihisha, mambo yakawa wazi. Kila usiku unyevu chini ya bati ulipita asilimia 70, kiasi ambacho kuvu hustawi. Mlango ungekuwa wazi, kipimo cha mlangoni kingefuatana na cha nje. Hakikufuatana. Tukapanda ngazi alfajiri na tochi: bati limepoa, mvuke umegeuka matone, yanadondokea kona ileile.

Ndugu mtunza ghala, tulikutilia shaka bure. Tunakuomba radhi mbele ya watu hawa wote.

Jambo hili si la hasara tu. Sumukuvu inaua. Kenya mwaka 2004 iliua watu 125. Mwaka 2016 iliua watu hapa kwetu, Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

Kwa hiyo tunaomba haya: magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta; madirisha ya juu yafunguliwe mchana hewa ya nje ikiwa kavu; na mahindi yenye unyevu zaidi ya asilimia 13.5 yasipokelewe, hata yakiwa ya mwenyekiti. Kifaa kinaandika tu, hakianiki mahindi. Kuanika ni kazi yetu.

Hesabu za kila siku zitabandikwa hapa ukutani. Someni, ulizeni.

Umoja ni nguvu!