Majengo Yaliyozaliwa Baada ya 1863: Urithi wa Korogwe na Handeni



Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Mwaka huo unawafaa wenye magofu ya Kilwa, na jirani zetu wenye misikiti na makaburi ya Tongoni. Sisi wa Korogwe na Handeni hautufai. Majengo mengi yanayobeba historia yetu yalikuja baadaye, na jengo la namna hiyo halina ulinzi wa sheria hiyo mpaka Waziri alitangaze katika Gazeti la Serikali. Hoja yangu jioni hii ni kwamba tangazo halitakuja tusipoliomba, na kwamba tutakapoliomba, kambi ya manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge, isimame katika orodha sawa na stesheni.

Tuanze na reli. Ujenzi ulianza Tanga mwaka 1893, enzi ya Wajerumani, ukafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mwaka 1963 njia ya Ruvu hadi Mnyuzi ikaiunganisha reli yetu na Reli ya Kati. Treni za abiria kutoka Dar es Salaam zilikoma kwa miaka mingi, zikarudi mwishoni mwa 2019. Stesheni, madaraja na nyumba za wafanyakazi wa reli ni ushahidi wa jinsi mji wa Korogwe ulivyopata umbo lake.

Lakini reli ilihitaji mzigo, na mzigo ukawa mkonge. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo yalitokea mashamba ya Magunga, Ngombezi, Hale na Mazinde, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani. Nani alikata majani hayo? Nani alisimama kwenye korona, mashine ya kuchakata majani, na kuanika singa juani? Ni watu waliotoka Songea, Njombe, Kigoma, Burundi na Msumbiji, wengi wao wakiletwa na SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua iliyoanzishwa mwaka 1944. Wajukuu wao ni miongoni mwa wenyeji wa Korogwe leo. Tukiitunza nyumba ya meneja tukaiacha kambi ianguke, tutakuwa tumehifadhi amri na kusahau jasho.

Handeni inatupa swali gumu zaidi. Nyumba ya Mzigua ilijengwa kwa miti na udongo, ikaezekwa nyasi. Haikukusudiwa kudumu karne mbili. Je, basi hakuna urithi? Watazameni Wazigua wa Mto Juba. Mababu zao waliuzwa Somalia katika karne ya 19. Vita vya 1991 vilipowafurusha, baadhi yao walirudi Handeni, wakapokewa katika makazi ya wakimbizi ya Mkuyu na baadaye Chogo, na wengi wamepewa uraia wa Tanzania. Hawakuja na hata nguzo moja ya nyumba ya kale, lakini Kizigua walikuja nacho. Vivyo hivyo, ngome ya Semboja, mtawala wa Kikilindi, pale Mazinde imetoweka, ila tunaijua kwa sababu Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi. Palipojengwa kwa udongo, kalamu na kinasa sauti ndivyo vyenye kazi ya kuhifadhi.

Wamarekani nao walijifunza kwa hasara kwamba jengo lisilolindwa hupotea. Mwaka 1963 walianza kubomoa Pennsylvania Station ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1910. Uchungu wa raia ulizaa sheria ya jiji ya 1965, kisha mwaka uliofuata ikaja sheria ya taifa zima. Leo kila jimbo lina ofisi ya hifadhi, raia yeyote anaweza kupendekeza jengo, na kwa kawaida hutakiwa liwe limetimiza miaka 50. Kipimo hicho husogea kila mwaka. Chetu kimeganda 1863.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, shule zetu za sekondari na Chuo cha Ualimu Korogwe vianze orodha: jengo, mwaka, mjenzi, waliokaa humo. Pili, halmashauri zetu zitunge sheria ndogo ya kuzuia kubomoa jengo lililomo katika orodha kabla ya wananchi kusikilizwa. Tatu, Bunge liubadilishe mwaka 1863 uwe umri wa jengo, ili kila kizazi kiwe na haki ya kulinda kilichojengwa na kizazi kilichotangulia.

Orodha haihitaji ruhusa ya mtu wala fungu la bajeti. Wazee waliofanya kazi kwenye korona wangali hai, na wako tayari kusema. Tuanze nao mwaka huu.