NYUMBA ZA KANDO YA ZIWA: NANI ANANUNUA, NANI ATAHAMA?

Maneno yaliyosemwa Himbi, Goma, mbele ya wakaaji wa mji na wandugu wa machimboni



Nimeombwa niseme juu ya nyumba. Si zile nyumba za mbao ambazo wengi wetu tulizaliwa ndani yake, bali nyumba za zamani, zilizojengwa wakati wa Wabelgiji hapa kando ya ziwa na katikati ya mji. Tangu mwaka 2000, watu wa mashirika na wa biashara ya madini walipojaa Goma, nyumba hizo zimetafutwa sana. Mtu anakuja amevaa vizuri, anasema kwa upole, anauliza: mwenye parsele yuko wapi? Anataja dola. Anataja hesabu ambayo mzee mwenye nyumba hajaisikia tangu azaliwe. Mzee anatazama paa linalovuja, anafikiri masomo ya wajukuu, anauliza: nitie sahihi wapi?

Simcheki mzee huyo. Anayemcheka hajalala chini ya paa linalovuja. Lakini nataka ajue anauza nini.

Kwa nini nyumba hizi ni chache, ninyi mnajua kuliko mimi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Moto ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukakata mji katikati mpaka ziwani, ukala kanisa kuu la Wakatoliki na maduka, ukaacha watu zaidi ya 100,000 bila makao. Sehemu kubwa ya mji wa zamani imelala chini ya mawe meusi tunayokanyaga kila siku. Zilizosalia ni chache, na Himbi ina fungu lake. Kitu kikiwa kichache, bei hupanda. Mchimbaji wa koltani hahitaji kufundishwa hilo.

Kabla ya kuendelea niseme neno moja waziwazi, asije mtu akalipeleka nyumbani limepinda. Ninaposema mgeni mwenye pesa, sisemi juu ya jirani yako mwenye lugha nyingine, wala mama anayevuka Petite Barrière na kikapu kichwani. Nasema juu ya tajiri au kampuni ya mbali, ya rangi yo yote, inayonunua nyumba isiyokusudia kulala ndani yake, kwa sababu pesa yake inatafuta mahali pa kukaa. Na wako watoto wa nchi hii, wenye pesa za madini, wanaofanya vivyo hivyo. Ukuta wao ni mrefu sawasawa, na mama mwenye bidoni ya maji anauzunguka vile vile.

Sasa twendeni Unguja kidogo. Ni mbali, lakini wenzetu wa pwani walianza safari hii mbele yetu, na lugha tunayosema ilitoka kwao. Yaliyowapata yanaweza kutufaa.

Unguja kuna Mji Mkongwe, mji wa nyumba za mawe na milango ya kuchonga. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, Serikali ilizichukua nyumba nyingi kwa matajiri na kuwaweka ndani watu wa kawaida. Jambo hilo liliwafurahisha wengi. Lakini kodi ilikuwa ndogo, na fundi hakuja. Mvua ya kila mwaka ilichukua ukuta mmoja, kisha mwingine. Mwaka 1985 ikaundwa Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza mji huo, na katika miaka ile ile mlango wa wenye mitaji na watalii ukaanza kufunguliwa. Mwaka 2000 UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika urithi wa dunia. Hapo bei ikawa ya dunia pia.

Iko nyumba moja pale Shangani, usoni pa bahari, inaitwa Mambo Msiige. Ilijengwa katikati ya karne ya 19. Wazee husimulia kwamba mwenyewe alitia mayai mengi katika chokaa ili kuta ziwe imara, akaipa jina hilo ili wengine wasijaribu kumwiga. Ilipita mikono mingi, mwisho ikawa na ofisi za Serikali. Kisha ikatolewa kwa mwenye mtaji ili iwe hoteli, na mwaka 2015 hoteli ya Park Hyatt ikafunguliwa pale. Nyumba ya kale haikubaki peke yake: kando yake, mahali palipokuwa wazi mbele ya bahari, liliinuliwa jengo jipya kubwa. Kamati ya urithi wa dunia ilieleza wasiwasi wake juu ya ukubwa na urefu wa jengo hilo. Barua ziliandikwa, wajumbe walikuja wakatazama. Jengo liko pale.

Je, ni baya? Hapana, ni zuri, na liliwapa vijana kazi. Kuta za kale zimetengenezwa. Jambo linalonisumbua ni lile eneo la wazi. Jengo la kale likiharibika, fundi mwema aweza kulirudisha. Mahali ambapo watu wote walikuwa wakisimama kutazama bahari bila kulipa, pakishajengwa, hakuna fundi wa kuparudisha. Na wenye mji hawakuwa mezani mkataba ulipotiwa sahihi.

Lakini nisiwadanganye kwa kuwaambia nusu ya habari. Hapo hapo Unguja kuna jumba kubwa kuliko hilo, Beit al Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Hilo halikuuzwa wala halikufanywa hoteli. Lilibaki la Serikali, likaliwa na chumvi na mvua miaka mingi, na tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yamekwisha kuanza, sehemu yake kubwa ilianguka ikaua watu. Nyumba za wakfu pia, ambazo haziuziki, nyingi zilichakaa kwa kuwa kodi yake haikutosha kununua hata chokaa. Kwa hiyo ye yote atakayesimama hapa akasema dawa ni kumfukuza mgeni na pesa yake, mwulizeni atatengeneza paa kwa nini.

Huko Lamu, pwani ya Kenya, mji ulioandikwa na UNESCO mwaka 2001, mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Wageni walinunua nyumba za mawe moja moja, hasa katika kijiji cha Shela. Walizitengeneza vizuri, maseremala wa Lamu wakapata kazi ya kuchonga milango. Lakini seremala anayetengeneza nyumba hizo hawezi kuinunua hata moja.

Turudi kwetu, maana sheria yetu ni tofauti na watu wengi hawaijui.

Wakati wa ukoloni, Comité National du Kivu, iliyoanzishwa mwaka 1928, ilipewa mamlaka ya kugawa ardhi ya nchi hii kwa walowezi, na babu zetu wakawa wapangaji juu ya udongo walimozikwa wazee wao. Mwaka 1966 sheria ya Bakajika ilirudisha ardhi kwa Serikali. Halafu ikaja sheria ya tarehe 20 Julai 1973. Iliandika kwamba ardhi ni mali ya Serikali peke yake na haiuziki. Mkongomani hupewa haki ya kuitumia daima, yaani konsesio ya milele. Mgeni hapati hiyo. Yeye hupata konsesio ya kawaida, ya muda usiozidi miaka 25, inayoweza kuandikwa upya.

Sikilizeni vizuri hapo. Mzee wa Himbi ana kitu ambacho tajiri wa mbali hawezi kukipata kwa jina lake mwenyewe, hata akija na gari lililojaa dola. Basi tajiri hufanyaje? Hutafuta jina la kuazima. Humtafuta kijana Mkongomani, humlipa kidogo, hati hutoka kwa jina la kijana, na chini ya meza kuna karatasi nyingine. Ninyi vijana mnaoombwa majina yenu: siku ya kesi, jina litakaloitwa ni lako.

Liko jambo la pili katika sheria hiyo. Haki juu ya parsele huthibitishwa na hati ya uandikishaji, ile tunayoiita sertifika. Karatasi ya chifu, karatasi ya komine, karatasi ya kuuziana mbele ya mashahidi wawili, zote hizo ni mwanzo tu wa safari. Na sertifika ikishakaa miaka miwili bila mtu kuipinga mahakamani, haipingiki tena. Unaweza kudai fidia, lakini nyumba imekwenda. Nimeona jamaa waliofanya kikao cha ukoo mwaka wa tatu. Walikuwa na haki, walikuwa na machozi, hawakuwa na nyumba.

Ndiyo maana nawasemea zaidi ninyi wa machimboni. Ninyi mko mbali, Rubaya au Walikale, miezi mingi. Nyumba ya baba iko hapa mjini, na hati bado ina jina la babu aliyekufa zamani. Ndugu mmoja aliye karibu anaamua peke yake, anauza, ananunua pikipiki. Wewe unapata habari shimoni. Miaka miwili hupita upesi kwa mtu anayehesabu siku kwa viroba vya mchanga. Na kama mama yenu yungali hai, jueni kwamba Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 inamtambua mjane kuwa na haki ya kuendelea kuitumia nyumba aliyokaa na mume wake. Mnunuzi anayesema “mama atahamia kijijini” hajamwuliza mama.

Tena jiwe la shimoni mnalijua. Anayeliuza pale shimoni hajui bei yake kule linakokwenda. Anayelinunua anaijua. Nyumba nayo huuzwa vile vile: mwenye nyumba anajua shida ya leo, mnunuzi anajua bei ya miaka 10 ijayo.

Na nyakati za shida ndizo saa za mnunuzi. Baada ya moto wa 2002 viwanja viliuzwa na watu waliokuwa wakilala nje. Mwezi Mei 2021 Nyiragongo ilipopasuka tena na watu wakakimbilia Sake, wapo waliorudi wakiwa tayari kuuza cho chote. Vita vilipoingia Goma mwezi Januari 2025, mabenki yalifunga milango, na hata mwenye pesa benki alikosa ya kununua unga. Bei inayotajwa wakati kama huo si bei ya nyumba, ni bei ya njaa. Tena hati zinazotiwa sahihi wakati wa vita huzaa kesi wakati wa amani. Tuliishi chini ya RCD tangu 1998 mpaka 2003. Wenye umri wanakumbuka kesi zilizofuata.

Wako watakaosema: basi Serikali izichukue nyumba zote za wageni, iwape wananchi. Hilo tumelionja. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakuwa ya Wazaire. Nani aliyapata? Wakubwa na marafiki wa wakubwa. Mfanyakazi alibaki mfanyakazi, duka likabaki tupu, na mwaka 1976 wageni wakaanza kurudishiwa sehemu.

Basi tufanye nini? Mimi nasema: mwenye nyumba apangishe, asiuze. Apangishe kwa miaka inayohesabika, kwa maandishi, na katika maandishi hayo iwekwe kazi ya mpangaji: atengeneze paa, asibomoe uso wa nyumba, asiongeze ghorofa bila ruhusa, asizibe njia ya kushuka ziwani, na muda ukiisha nyumba irudi na vyote vilivyojengwa juu yake. Mgeni mwenye nia njema atakubali, maana hata kwa sheria haki yake ina mwisho. Asiyekubali, tumejua alitaka nini. Kodi itakuwa ndogo kuliko bei ya kuuza, ndiyo. Lakini italipwa tena mwaka ujao.

Na anayelazimika kuuza kabisa, kwa ugonjwa au deni, atangaze kwanza hapa mtaani. Tunacheza likelemba kwa ajili ya harusi na matanga. Hakuna aliyetukataza kucheza likelemba kubwa, watu 20 au 30, mchimbaji na mwenye duka na mwalimu pamoja, tukainunua nyumba moja ibaki mikononi mwetu. Najua mtasema watu 30 hawawezi kukaa na pesa bila kugombana. Huenda. Basi pesa zikae na wamama.

Juu ya njia za ziwani, hiyo si kazi ya mtu mmoja. Kila mtaa uhesabu njia zake: ngapi zilikuwa wazi zamani, ngapi zimezibwa, nani alitoa ruhusa. Majina na tarehe viandikwe. Ofisi ikiletewa malalamiko ya mdomo husahau. Ikiletewa daftari, hutafuta miwani.

Nimekwisha kusema mengi na jua linashuka. Wenye hati zenye jina la babu, msiondoke. Kuna meza pale karibu na mlango na karani anayesoma Kifaransa. Atawasomea hati yenu mstari kwa mstari, bila malipo. Sheria yenyewe hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo atawaambia na la kwenda kuuliza kadastre. Msimwachie hati, mkishasomewa, rudini nayo nyumbani.