Mama Zélie Martin, kama Binti Zake Walivyomkumbuka



Juma lililopita tulieleza Amri ya Nne ya Mungu, ile inayotuamuru kuwaheshimu baba na mama. Pengine mmoja wenu amejiuliza: Na mama aliyekwisha kufa, nitamheshimu namna gani? Leo hatutajibu kwa maneno ya katekisimu tu. Tutawasimulia habari za mama mmoja aliyekufa mwaka 1877, ambaye watoto wake hawakuacha kumkumbuka mpaka wao nao walipozeeka. Jina lake ni Zélie Martin. Wengi wenu hamjalisikia bado, lakini mtoto wake wa mwisho mnamjua sana. Ndiye Mtakatifu Thérèse wa Mtoto Yezu, ambaye ninyi mnamwita Tereza, mlinzi wa misioni. Sanamu yake imo katika makanisa yetu mengi, naye ameshika msalaba na maua ya waridi. Anayeitazama sanamu ile asidhani kwamba Thérèse alishuka kutoka mbinguni pamoja na maua yake. Alizaliwa na mwanamke aliyekuwa akichoka kila jioni, kama wachokavyo akina mama wa vijiji vyetu.

Zélie alizaliwa mwaka 1831 katika nchi ya Normandie, huko Ufaransa. Baba yake alikuwa askari. Wazazi wake walikuwa wakristu wa kweli, ila mama yake alikuwa mkali, asiyejua kumbembeleza mtoto. Zélie mwenyewe aliandika baadaye kwamba utoto wake ulijaa huzuni, na kwamba hata mwanasesere mmoja wa kuchezea hakupata. Alipokuwa kijana alikwenda kwa masista wauguzi wa mji wa Alençon, akaomba kuingia utawa. Mkubwa wao akamwambia kwamba Mungu hakumwitia njia ile. Basi Zélie akamwomba Mungu ampe watoto wengi, na wote wawe mali yake Mungu.

Ilimpasa sasa kutafuta riziki. Tarehe 8 Desemba 1851, sikukuu ya Bikira Maria asiye na doa, alisikia moyoni mwake kama sauti ikimwambia ajifunze kazi ya lesi ya Alençon. Lesi hiyo ni kitambaa chembamba sana cha urembo, chenye matundu kama wavu, kinachofanywa kwa sindano na uzi tu. Ni kazi ngumu ajabu: kipande cha sentimeta moja ya mraba, yaani kama ukucha wa kidole, hutaka saa 7 za kazi. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliiandika kazi hiyo kati ya urithi wa watu wote duniani. Zélie akawa fundi hodari, na mwaka 1853 alianza biashara yake mwenyewe. Wanawake wengine walishona vipande nyumbani kwao, na siku ya Alhamisi walimletea. Naye aliviunganisha vipande hivyo kwa sindano, hata mtu asiweze kuona mahali pa mshono.

Mwaka 1858 alifunga ndoa na Louis Martin, fundi wa saa. Huyu naye alikuwa ametaka kuwa mtawa katika ujana wake, akarudishwa kwa sababu hakujua Kilatini. Mungu akawapa watoto tisa.

Hapa tunataka kusema neno na ninyi akina baba, na msikasirike. Mwaka 1870 Louis aliona kwamba kazi ya mkewe imezidi nguvu zake. Alifanya nini? Je, alikaa kivulini akingoja chakula, akisema kwamba mambo ya sindano ni mambo ya wanawake? La, hata kidogo. Alimwachia mpwa wake duka la saa, akaanza kumsaidia mkewe: alisafiri mpaka Paris kuuza lesi na kutafuta wanunuzi. Wala hakuona haya. Sisi tumepita katika vijiji vingi, tumeona mwanamke akirudi shambani na mzigo wa kuni kichwani, mtoto mgongoni, jembe mkononi, na mumewe akimtangulia njiani ameshika fimbo tu. Tunawaachia ninyi wenyewe mfikiri.

Basi, siku za mama huyu zilikuwaje? Aliamka mapema, akaenda pamoja na mumewe kwenye Misa ya saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kisha watoto, jikoni, wafanyakazi, barua za wanunuzi, na sindano tena mpaka usiku sana, wakati wengine wote wamelala. Siku ya Dominika hakugusa sindano. Mfanyakazi wake akiugua, alikwenda kumtazama. Tena msidhani kwamba alifanya yote hayo akitabasamu kama malaika. Alihangaika, alihofia siku za mbele, na katika barua zake alilalamika kwamba lesi ile ilimfanyia maisha kuwa magumu. Tunazipenda barua hizo kwa sababu hazifichi kitu. Zaidi ya 200 zimehifadhiwa. Nyingi alimwandikia binti yake Pauline, aliyekuwa akisoma shule ya masista mbali na nyumbani, na nyingine alimwandikia kaka yake na mke wa kaka yake. Katika barua moja anasimulia habari za Thérèse alipokuwa na umri wa karibu miaka mitatu. Mtoto hakukubali kupanda ngazi peke yake bila kumwita mama yake kwenye kila kidato: Mama! Na kama mama hakuitika, mtoto alisimama palepale, hakwenda mbele wala kurudi nyuma. Zélie aliitika kila mara, ingawa kazi ilikuwa ikimngoja.

Akina mama mnaotusikiliza, wengi wenu mmezika watoto. Zélie alizika wanne. Wavulana wawili, ambao aliwaita wote wawili Joseph akitumaini mmoja wao atakuwa padri wa misioni, walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Hélène alikufa mwaka 1870, akiwa na miaka mitano. Mwaka uleule akafa mtoto wa nane. Zélie hakuweza tena kunyonyesha, akamweka mtoto huyo kwa mama mwingine amnyonyeshe, naye hakumtunza. Mtoto akafa kwa njaa kabla ya kutimiza miezi miwili. Watu walimwambia Zélie kwamba ingekuwa heri asingalizaa watoto hao kabisa. Hakuweza kuvumilia maneno hayo. Alijibu kwamba hawakupotea milele, na kwamba atawakuta tena juu mbinguni.

Kwa hiyo Thérèse alipozaliwa, tarehe 2 Januari 1873, akaanza kudhoofika, mama yake alijua vema jambo gani linaweza kufuata. Siku moja ya mwezi wa Machi aliondoka alfajiri, peke yake, kwa miguu, akaenda kijiji cha Semallé kumwita mwanamke maskini aliyeitwa Rose Taillé aje kumnyonyesha mtoto. Walipofika nyumbani, mtoto alikuwa kama amekata roho. Zélie akapanda chumbani, akapiga magoti mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yozefu. Aliposhuka alimkuta mtoto ananyonya. Thérèse akakaa kwa Rose huko kijijini mwaka mmoja na zaidi, kati ya ng'ombe na mashamba, akarudi ana nguvu.

Lakini kati ya watoto wote, aliyemtia mama yake uchungu mwingi si hao waliokufa. Ni binti wa tatu, Léonie. Alikuwa mgonjwa mara nyingi, mzito wa kujifunza, mwenye ukaidi. Shule ya masista ilimrudisha nyumbani. Mama yake alijaribu upole, akajaribu ukali, akasali, asione tunda lolote. Kumbe ndani ya nyumba yenyewe kulikuwa na jambo la siri. Mtumishi wa nyumbani, ambaye familia ilimwamini kwa miaka mingi, alikuwa akimtisha na kumpiga Léonie ili amtii yeye tu, wala asimtii mama yake. Marie, binti mkubwa, ndiye aliyeligundua mapema mwaka 1877.

Fikirini jinsi moyo wa mama huyo ulivyochomwa. Alikuwa amefanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya watoto wake, na jambo hilo lilipita mbele ya macho yake asilione. Tungeweza kuliruka jambo hili, maana si zuri kulisimulia katika habari za mtakatifu. Lakini ninyi wazazi mnajua kwamba mambo ya namna hii hutokea. Zélie alitaka kumfukuza mtumishi yule palepale. Mwanamke akalia, akasihi. Zélie akamwacha akae, ila akamkataza kabisa kusema neno na Léonie. Tangu siku hiyo mtoto aligeuka. Hakutaka tena kuondoka karibu na mama yake.

Na wakati huo mama alikuwa anakufa. Uvimbe katika titi lake ulianza mwaka 1865, naye hakuutunza. Mwishoni mwa mwaka 1876 waganga walimwambia kwamba ni kansa, na kwamba kisu hakifai tena. Sasa Zélie alitamani kupona kuliko zamani, kwa ajili ya Léonie. Mwezi wa Juni 1877 alikwenda kuhiji Lourdes pamoja na binti zake wakubwa watatu, akaingia mara nne katika maji yale ya baridi. Hakupona. Alirudi na maumivu yaliyozidi, akawatuliza binti zake waliokuwa wakilia.

Thérèse alikuwa na miaka minne na nusu. Baadaye, akiwa mtawa, aliandika aliyoyakumbuka. Alikumbuka mahali pake siku padri alipompa mama Mpako Mtakatifu: wote watano walipiga magoti kwa kufuata umri, na baba yao alikuwa akilia kwa kwikwi. Zélie alikufa tarehe 28 Agosti 1877, baada ya usiku wa manane, naye alikuwa na miaka 45. Baba akamchukua Thérèse mikononi, akamwambia ambusu mama kwa mara ya mwisho. Hakusema neno. Kisha alikiona kifuniko cha jeneza kimesimamishwa, akakitazama muda mrefu, na ilimbidi ainue kichwa ili akione chote, kwa kuwa yeye alikuwa mdogo sana.

Watoto watano waliobaki wote wakawa watawa. Wanne waliingia Karmeli ya Lisieux. Marie, Pauline na Céline waliishi mpaka uzee, wakimsimulia mama yao. Céline, aliyekufa mwaka 1959, aliandika kitabu kizima juu yake. Tarehe 18 Oktoba 2015, Papa Francis aliwatangaza Zélie na Louis kuwa watakatifu, mume na mke pamoja. Siku hiyo ilikuwa Dominika ya Misioni. Mama aliyetaka mtoto wa kiume awe padri wa misioni hakumpata. Alimpata binti ambaye hakutoka katika monasteri yake, lakini Papa alimweka mwaka 1927 kuwa mlinzi wa misioni zote, na zetu za Kongo zimo ndani yake.

Na Léonie? Mapema mwaka ule mama yake aliokufa, alikuwa amemwandikia shangazi yao mtawa, dada ya Zélie, aliyekaribia kufa, kwamba akifika mbinguni amwombee awe mtawa wa kweli. Wakubwa walishangaa kuyasoma maneno hayo ya mtoto aliyekuwa mkaidi vile. Aliingia utawa mara tatu, na mara tatu akarudi nyumbani. Mara ya nne, mwaka 1899, alipokelewa na masista wa Maonano huko Caen. Alikaa humo mpaka kufa kwake, mwaka 1941. Sasa Ekleziya inachunguza maisha yake ili ijue kama ataweza kuwekwa kati ya watakatifu, kama mama yake.

Sasa, wasikilizaji, tupige magoti hapo tulipo, tusali Baba Yetu moja na Salamu Maria tatu kwa ajili ya mama zetu, walio hai na waliokufa. Kila mmoja ataje jina la mama yake moyoni. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaanza kueleza Amri ya Tano.