SHAHADA ISIYOACHA KITUO KITUPU

Mazungumzo mbele ya walimu na watumishi wa serikali



Nataka kusema machache juu ya kutafuta shahada kwa masomo ya masafa, bila kuacha kituo cha kazi. Wapo miongoni mwetu wanaoamini kwamba shahada ya namna hiyo ni nusu shahada. Imani hiyo ni potofu, na hatuna budi kuing'oa.

Tangu mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kimewatahini watu wasiokaa katika madarasa yake. Mwaka 1989 Nelson Mandela, akiwa bado kifungoni, alihitimu shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kilichofundisha kwa njia ya posta. Nani atathubutu kuiita hiyo nusu shahada? Hapa kwetu, baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, maelfu ya walimu waliandaliwa huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Kwa hiyo Bunge lilipotunga Sheria Na. 17 ya mwaka 1992 ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, lilipanua njia iliyokwisha kukanyagwa na walimu.

Lakini njia hii ina miiba. Mwanafunzi wa bwenini huamshwa na kengele. Huyu hana kengele ila nia yake. Hufungua kitabu chake usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Wanaokata tamaa katikati mara nyingi hawashindwi na akili, hushindwa na upweke.

Kwa sababu hiyo nasema na pande mbili. Ndugu wakuu wa idara na wa shule, mtumishi anapoomba ruhusa ya siku za mitihani, msimwone mtoro. Anachojifunza usiku, asubuhi kimo darasani au mezani pa ofisi, na kituo hakikubaki kitupu miaka mitatu kikimngoja.

Nanyi mnaosoma, kumbukeni kwamba saa za kazi ni mali ya wananchi. Mwalimu anayeandika zoezi lake la chuo huku darasa likipiga kelele anawaibia watoto ili ajiendeleze yeye. Na anayemlipa mwingine amwandikie zoezi hilo ametafuta karatasi, hakutafuta elimu. Huyo ndiye anayewapa hoja wale wasemao "nusu shahada".

Pendekezo langu ni dogo. Wanaosoma katika wilaya moja wakutane Jumamosi, waazimane vitabu, waulizane maswali, na aliyetangulia amshike mkono anayefuata. Chuo kikiwa mbali, wenzetu wasiwe mbali.