Ukingo wa dari na miguu ya wazee wetu

Ninawasalimu ninyi mlio Makiso, Mangobo, Kabondo, Tshopo na Kisangani, na ninyi wa ng'ambo ya mto kule Lubunga. Kwa namna ya pekee ninawasalimu wazee wetu, wale tunaowaita koko. Neno la leo ni lenu, na ni la watoto wenu pia.

Tufungue Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare, na watu walipanda kukaa huko juu. Mungu akaagiza kwamba anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mungu aliyefanya mbingu na nchi aliona vema kutoa sheria juu ya kuanguka! Hakusema, ombeni tu. Alisema, jengeni.

Ninalo jambo la kutubu mbele yenu. Miaka michache iliyopita, mama mmoja mjane wa kanisa letu, aliyepita miaka 70, alikuja kwenye maombi ya alfajiri. Usiku mvua ilikuwa imenyesha, umeme hakuna. Mlangoni petu palikuwa na ngazi tatu za simenti, zimeota ukungu wa kijani, bila mahali pa kushika. Aliteleza, akaanguka kwa ubavu, akashindwa kusimama. Mimi mchungaji wake nilisema, hili ni shambulio la adui. Tukamlaza, tukaomba na kufunga siku tatu. Siku ya nne jamaa walimpeleka hospitali, na muganga akaona mfupa wa nyonga umevunjika. Mama yule hakutembea tena. Baada ya miezi Bwana akamchukua.

Na kuna baya zaidi. Nyumbani walianza kutafuta nani amemroga. Macho yakamwangukia mke wa mtoto wake, yule yule aliyemwosha na kumlisha kila siku. Mimi nilijua juu ya zile ngazi, nikanyamaza. Nilikwenda kumwomba yule dada msamaha, lakini nilichelewa. Wapendwa, mchawi alikuwa ngazi tatu zenye utelezi. Damu ilikuwa juu ya nyumba, na nyumba ile ni ya kanisa langu.

Soma 1 Samweli 4, mstari wa 18. Kuhani Eli, mwenye miaka 98, macho yake hayaoni tena, alianguka kinyumenyume kutoka kitini, shingo ikavunjika. Biblia haifichi sababu: alikuwa mzee, na mwili wake mzito. Ikiwa Neno la Mungu linataja uzee na uzito, sisi ni nani tuseme kila anguko ni ndoki?

Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba watu karibu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na walio wengi kati yao wamepita miaka 60. Waganga wanajua sababu zake: miguu iliyolegea, macho yenye mtoto wa jicho, kizunguzungu cha kusimama haraka, dawa fulani kama zile za presha au za usingizi, giza, sakafu yenye maji, viatu vilivyoisha chini.

Mtu mwingine atasema, “Mchungaji, koko akishaanguka mara moja, basi akae kitini, asitembee tena.” Hapana! Hapo ndipo mnammaliza kwa upendo. Mguu usiofanya kazi unalegea, na mguu uliolegea unaangusha. Kalebu alikuwa na miaka 85 alipoomba apewe mlima wa kupigania. Alikuwa ametembea jangwani miaka na miaka. Tena Paulo alimwandikia Timoteo kwamba mazoezi ya mwili yanafaa kidogo, na utauwa unafaa kwa yote. Kidogo siyo bure. Watafiti waliojumlisha majaribio mengi waliona kwamba wazee wanaofanya mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara wanapunguza kuanguka karibu kwa robo.

Koko wangu, sikia. Fanya haya angalau siku tatu kwa juma, karibu na ukuta au kiti kizito, na mtu wa nyumbani awe karibu. Kwanza, keti kitini, simama polepole, keti tena. Mara tano, kisha uongeze hadi kumi kadiri siku zinavyopita. Pili, shika kiti, inua visigino usimame kwa vidole, shusha. Mara kumi. Tatu, ukiwa umeshika, weka mguu mmoja mbele ya mwingine, kisigino kiguse vidole, usimame hivyo kwa muda wa kuhesabu kumi. Kisha ubadilishe. Nne, tembea kila siku, asubuhi kabla ya jua kali. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha, ukamwone muganga. Ukiamka kitandani, keti kwanza, pumua, ndipo usimame. Wala usiache dawa zako bila kumwuliza aliyekupa.

Fimbo siyo aibu. Yakobo aliabudu akiegemea fimbo yake. Waangalieni Wagenia kwenye maporomoko yetu: miti yao imesimama ndani ya maji makali kwa sababu wameifunga sana kwa kamba. Nani atasema mvuvi anayefunga kamba hana imani?

Ninyi watoto, kuheshimu baba na mama ni pamoja na kuangalia njia ya choo usiku. Je, iko taa au tochi? Je, iko kamba au mti wa kushika? Shimo la lupangoni mmelijaza? Macho ya koko mmeyapeleka kupimwa? Na sahani yake isiwe fufu tu. Mumwekee ndakala, maharagi na sombe, mwili upate nguvu.

Mzee akianguka, msimvute kwa haraka. Mwulize anaumwa wapi. Ikiwa hawezi kukanyaga, au mguu umekuwa mfupi au umegeuka nje, msimpandishe kwenye toleka wala moto. Msimpeleke kwa wanaokanda mifupa. Mlazeni juu ya ubao au kitanda, mumpeleke hospitali siku ile ile. Maombi yaende pamoja naye njiani, yasimfungie nyumbani.

Nanyi wachungaji wenzangu, tunajua wengine huanguka wakati wa kuombewa. Tangu siku ile, kwetu mzee anaombewa akiwa ameketi, na watu wa protokole wawili wako nyuma yake. Roho Mtakatifu hakosi nguvu kwa sababu mtu ameketi. Zile ngazi tumezisugua, tumeweka chuma cha kushika pande zote mbili. Salongo ya Jumamosi vijana wetu wanafanya kwa wazee wawili, kila mara lupango tofauti. Gharama ni jasho na misumari michache.

Kwenye mlango uitwao Mzuri, Petro alitaja jina la Yesu, kisha akamshika yule kiwete mkono wa kuume akamwinua. Jina, na mkono. Mimi nilikuwa na Jina, nikasahau mkono.

Tuombe. Baba, utusamehe pale damu ilipokuwa juu ya nyumba zetu. Uwaponye waliosingiziwa. Uitie nguvu miguu ya wazee wetu, na sisi utupe mikono ya kuweka ukingo. Kwa jina la Yesu, amina.